Saa Kumi na Tano Kwenda, Saa Kumi na Nne Kurudi

Februari 1840 merikebu ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Maskati na Unguja, iliyoitwa Sultana iling'oa nanga Unguja kuelekea New York. Ilibeba pembe za ndovu, karafuu, ngozi na tende, na pamoja na bidhaa hizo zawadi za Sayyid kwa Rais Martin Van Buren, wakiwemo farasi wawili wa Kiarabu. Mjumbe wa Sayyid katika safari hiyo alikuwa Ahmad bin Na'aman, ambaye picha yake iliyochorwa huko huko New York ingalipo hadi leo. Waliizunguka Rasi ya Tumaini Jema, wakatia nanga St Helena, wakaingia bandarini tarehe 30 Aprili. Agosti wakaanza kurudi, na Unguja wakaiona tena Desemba. Kwenda, karibu miezi mitatu. Kurudi, miezi minne.

Hakuna aliyeshangaa. Watu wa pwani walikuwa wamezoea tangu kale kwamba Unguja na Maskati haziko umbali mmoja mwaka mzima. Kaskazi ikivuma ziko karibu kwa anayeshuka kuja huku. Kusi ikivuma ziko karibu kwa anayepanda kwenda kule. Na kati ya pepo hizo mbili nahodha huweza kukaa bandarini majuma kadhaa akisubiri. Ukimuuliza umbali alikujibu kwa siku na kwa msimu.

Sisi tumezoea kuuliza kwa kilomita. Andika majina ya miji miwili kwenye simu, jibu linatokea mara moja: masafa haya, muda huu. Kwa Nairobi na New York vikokotoo vya namna hiyo hutoa kama kilomita 11,800, na hesabu yake ni nyepesi: vinagawa masafa kwa mwendo wa ndege, vinaongeza nusu saa ya kupaa na kutua, basi. Ndege ya Boeing 787 husafiri kwa kama kilomita 900 kwa saa ikiwa juu. Gawanya, ongeza nusu saa hiyo, unapata saa kumi na tatu na nusu na ushei. Lakini Kenya Airways ilipoanzisha safari ya moja kwa moja kati ya miji hiyo miwili, tarehe 28 Oktoba 2018, ratiba yake ilisema saa kumi na tano kwenda na saa kumi na nne kurudi. Sura hii ni ya kutafuta saa hizo zilizozidi ziko wapi, na kwa nini hazilingani.

Tuanze na mstari wenyewe, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Chukua ramani ya dunia ya ukutani, ile inayotundikwa madarasani, uweke rula kutoka Nairobi hadi New York. Rula itakata katikati ya bara na kutoka baharini karibu na Nouadhibou, Mauritania. Sasa chukua tufe na uzi. Bana ncha moja ya uzi Nairobi, uvute ukaze hadi New York, uone unapita wapi. Uzi unaelekea kaskazini-magharibi: Sudan Kusini karibu na Wau, mpaka wa Darfur na Jamhuri ya Afrika ya Kati, Chad, kaskazini mwa Niger, jangwa la Algeria, kisha Morocco. Nusu ya safari inaangukia pembeni mwa Marrakech. Nusu nzima, na bado uko Afrika! Baada ya hapo uzi unaingia Atlantiki, unapita juu ya visiwa vya Azores, unafika. Njia ya rula ni ndefu kuliko ya uzi kwa kama kilomita 350, kwa sababu ramani bapa imelazimika kuitandaza dunia ya mviringo, na inapotandaza hunyoosha kilichopinda na kupinda kilichonyooka. Wanahesabu huuita mstari wa uzi duara kuu, na ndiyo njia fupi kuliko zote kati ya nukta mbili juu ya tufe. Kila kikokotoo cha masafa hupima huo.

Ila ndege haifuati uzi. Inaweza kuukaribia, inaweza kuuacha kwa mamia ya kilomita, na sababu ya kwanza ya kuuacha ni upepo.

Watu wengi huamini kwamba safari ya kwenda magharibi ni ndefu kwa sababu dunia inazunguka kuelekea mashariki, na hivyo ndege inaukimbiza mji unaoikimbia. Sivyo. Hewa inazunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Kama isingekuwa hivyo, tungepeperushwa sote tukisimama nje ya milango yetu. Kinachotofautisha kwenda na kurudi ni mikondo ya upepo mkali iliyoko juu, kilomita tisa hadi kumi na mbili kutoka ardhini, ambayo nje ya ukanda wa tropiki huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, katika nusu ya kaskazini na ya kusini pia. Mtaalamu wa hali ya hewa wa Japani, Wasaburo Oishi, aliipima katika miaka ya 1920 kwa kurusha maputo kutoka kituo chake cha Tateno. Aliandika ripoti zake kwa Kiesperanto akitumaini dunia nzima itamsoma. Hawakumsoma. Marubani wa vita vya pili vya dunia walikuja kuigundua upya kwa taabu, ndege zao zikiwa karibu zinasimama angani juu ya Japani kwa kupambana nayo.

Nguvu ya mikondo hiyo haina kipimo kimoja. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Februari 2020, dhoruba iliyopewa jina Ciara ilipokuwa ikielekea Uingereza, ndege ya British Airways aina ya 747 ilitoka New York ikafika London kwa saa nne na dakika 56. Mwendo wake juu ya ardhi ulipita kilomita 1,300 kwa saa, bila ya injini kufanya lolote la ziada. Safari hiyo kwa kawaida huchukua zaidi ya saa sita. Waliotoka London siku ile ile kwenda New York walilipa gharama ya zawadi waliyoipata wenzao.

Njia ya Nairobi imegawanyika. Nusu ya Afrika, hadi jangwani, iko katika tropiki ambako upepo wa juu si mkali kiasi hicho. Huko hofu ya rubani ni mawingu ya radi juu ya Sudan Kusini na Afrika ya Kati, ambayo hupanda juu kuliko ndege inavyoweza kuruka, kwa hiyo lazima yazungukwe. Nusu ya pili, kuanzia Morocco, ndiko mkondo uliko, nao unampiga usoni aendaye New York. Kwa hiyo wapangaji wa safari hukaa na utabiri wa upepo kabla ya kila safari na kuchagua njia yake. Mara nyingine inafaa kushuka kusini ya uzi, kuongeza kilomita mia tatu, na kuokoa nusu saa. Ndege inayorudi hufanya kinyume: huutafuta mkondo na kuupanda. Hapo ndipo saa moja ya tofauti inapotoka, na katika majira ya baridi ya kaskazini, mikondo inapokolea, tofauti hupanuka.

Nairobi ina jambo lake jingine ambalo New York haina. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, na hewa huko ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kama asilimia 15. Bawa linahitaji hewa ya kuegemea na injini inahitaji hewa ya kuvuta. Hewa ikipungua, ndege lazima ikimbie kwa kasi zaidi ardhini ndipo inyanyuke, na hii ndiyo maana njia ya kurukia ya Nairobi ina urefu wa mita 4,117, kilomita nne na zaidi. Jua la mchana huipasha hewa na kuifanya nyepesi zaidi. Ndege nzito inayoondoka usiku, baada ya ubaridi wa nyanda za juu kushuka, inapata nafuu ambayo ya saa nane mchana haiipati.

Anayetaka kuona mwinuko unavyoweza kugawanya safari aangalie Addis Ababa, iliyoko mita zaidi ya 2,300. Kwa miaka mingi ndege za Ethiopian Airlines zimekuwa zikitoka Washington hadi Addis Ababa bila kutua popote. Kwenda Washington, zilitua njiani kutia mafuta, Dublin au Lomé, kwa sababu kutoka mji ulio juu kiasi hicho ndege haiwezi kunyanyuka ikiwa imejaa abiria na imejaa mafuta ya kupambana na upepo wa Atlantiki. Lazima kimoja kipungue. Miji ni ile ile miwili na ndege ni ile ile, lakini upande mmoja kuna safari moja, upande wa pili kuna safari mbili. Kilomita hazibadiliki hata moja.

Sasa tuje kwenye yale ambayo maumbile hayahusiki nayo.

Tarehe 7 Desemba 1944 mataifa yalitia saini mjini Chicago mkataba wa usafiri wa anga wa kiraia, na ibara yake ya kwanza inasema kila dola ina mamlaka kamili juu ya anga iliyo juu ya ardhi yake. Anga ikawa na milango. Anayepita analipa ushuru kwa kadiri ya uzito wa ndege na masafa anayokata, na mwenye mlango anaweza kuufunga. Rudi kwenye uzi wetu uone umepita juu ya nani: Sudan Kusini, Sudan, Chad, Niger, Algeria. Vita vilipozuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023 anga ya Sudan ilifungwa, na ndege zilizokuwa zikitoka Afrika Mashariki kwenda Ulaya zikaanza kuzunguka kwa mashariki, au kwa magharibi kupitia Chad. Tarehe 6 Agosti mwaka huo huo watawala wapya wa kijeshi wa Niger nao wakafunga anga yao, wakaifungua tena tarehe 4 Septemba. Kwa mwezi mmoja kulikuwa na pengo la nchi mbili kubwa katikati ya Afrika, na kila safari iliyolikwepa ilirefuka. Libya mashirika mengi yalikuwa yanaikwepa tangu zamani.

Wafini wanajua maumivu hayo kuliko wengi. Helsinki ilijijenga kuwa mlango wa Asia kwa sababu uzi wa kutoka huko hadi Tokyo unakata Urusi moja kwa moja, safari ya saa tisa na kidogo. Februari 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine na anga ikafungwa pande zote, shirika lao la Finnair ilibidi lipite juu ya Ncha ya Kaskazini, na Tokyo ikasogea hadi saa kumi na tatu.

Lakini mfano ninaouthamini kuliko yote ni wa kwetu Afrika, na uliundwa kwa makusudi. Mwaka 1963 mataifa huru ya Afrika yalianza kuifungia anga South African Airways kama sehemu ya kupinga ubaguzi wa rangi. Johannesburg na London zimetenganishwa na bara zima, na njia fupi inapita katikati yake. Ndege za makaburu zikalazimika kutoka baharini na kuuzunguka ubavu wote wa magharibi wa Afrika, zikitia mafuta katika kisiwa cha Sal, Cabo Verde. Shirika hilo lilifika hatua ya kununua 747SP, ndege iliyofupishwa kiwiliwili ili iende mbali zaidi, na mwaka 1976 moja ya ndege hizo ilitoka kiwandani Marekani ikaruka hadi Cape Town bila kutua, zaidi ya kilomita 16,000. Dunia ilistaajabia uhandisi. Mimi nastaajabia waliofunga anga: nchi changa, nyingi hazina hata ndege za kivita, ziliweza kuwasogeza watawala wa Pretoria mbali na Ulaya kwa saa kadhaa, kila siku, kwa karibu miaka thelathini, kwa kusema tu hapiti mtu.

Ruhusa ya aina nyingine ndiyo iliyoichelewesha njia ya Nairobi. Pan Am ilikuwa ikifika Nairobi kutoka New York zamani, kwa kutua Afrika Magharibi. Juni 2009 Delta ilikuwa tayari kuanza safari ya kutoka Atlanta kupitia Dakar. Siku moja kabla, serikali ya Marekani ikaizuia kwa hofu ya usalama. Ni mpaka Februari 2017 ndipo mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilipoipa Kenya daraja la kwanza, na bila daraja hilo hakuna shirika la Kenya ambalo lingeruhusiwa kuanzisha safari ya kwenda huko. Ndege yenye uwezo wa kufika ilikuwepo Nairobi tangu 2014, Kenya Airways ilipopokea 787 yake ya kwanza. Miaka minne masafa yalikuwa yamekwisha shindwa na mashine, yakisubiri mihuri.

Na kabla ya hapo msafiri alipitaje? Alipitia Amsterdam, London, Dubai au Doha. Hapa hesabu inasema jambo ambalo ningependa kila anayekata tikiti alijue. Nairobi hadi Amsterdam ni kama kilomita 6,670, na Amsterdam hadi New York kama 5,850. Jumlisha: 12,520. Ukilinganisha na uzi wa moja kwa moja, umezidi kilomita 700 tu, pungufu ya saa moja ya kuruka. Dubai ndiyo mzunguko wa kweli, maana unarudi nyuma kaskazini-mashariki halafu unageuka, na jumla inakaribia kilomita 14,600. Hata hivyo ziada yake ni kama saa tatu angani. Lakini safari hizi za kuunganisha ndege mara nyingi huchukua saa ishirini na zaidi. Basi muda ule mwingine haukwenda kwenye masafa. Umekwenda kwenye viti vya chuma vya uwanja wa ndege, kwenye foleni ya pili ya ukaguzi, kwenye mama mwenye mtoto mgongoni akitafuta lango kwa lugha asiyoijua.

Ndiyo maana naiona safari ya moja kwa moja kuwa jambo la heshima, si la haraka tu. Mzee anayekwenda kumwona mwanawe New Jersey anapanda ndege mara moja na kushuka mara moja. Mwili wa marehemu unaorudishwa nyumbani hausubiri ghalani katika nchi ya tatu. Watu wetu walioko Marekani wanayajua mambo haya kwa uchungu, na hakuna kikokotoo kinachoyahesabu. Kwa safari za ndani ya Afrika yenyewe hali ni mbaya zaidi: mawaziri walikubaliana Yamoussoukro mwaka 1999 kufungua anga, Umoja wa Afrika ukazindua soko moja la usafiri wa anga tarehe 28 Januari 2018, na bado kuna miji mikuu ya Afrika ambayo njia ya kuaminika kati yake inapitia bara jingine.

Kuna dakika nyingine zilizofichwa ndani ya ratiba. Muda unaoandikwa kwenye tikiti huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama kwenye maegesho ya mwisho. Kutambaa ardhini mjini New York, nyuma ya msururu wa ndege nyingine zinazosubiri kupaa, kunaweza kumeza nusu saa au zaidi. Mashirika huyajua hayo na huongeza dakika za akiba, ndiyo maana wakati mwingine rubani anatangaza kwa furaha kwamba mmefika mapema ilhali mlichelewa kuondoka.

Saa za ukutani nazo zina hesabu yake. Ukiondoka Nairobi saa tano na nusu usiku, baada ya saa kumi na tano ni saa nane na nusu mchana Nairobi, lakini New York, katika majira ya baridi, ndiyo kwanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Umekuwa gizani karibu safari nzima, kwa kuwa ulikuwa unakimbia upande ule ule unaokimbilia usiku. Kurudi ni kinyume: unaondoka saa sita na nusu mchana, giza linakujia kwa kasi juu ya Atlantiki, linapita upesi, na unatua saa nne na nusu asubuhi ya kesho yake huku mwili ukiamini ni usiku wa manane.

Yote haya mwishowe hugeuzwa kuwa kilo. Mafuta ya kufika yanahesabiwa kwa upepo wa usiku huo, na juu yake yanaongezwa mengine ya kwenda uwanja wa akiba endapo New York imefungwa kwa theluji, na mengine ya kuzunguka angani nusu saa baada ya hapo. Kwa anayerudi, viwanja vya akiba ni kama Mombasa, Kilimanjaro au Entebbe, kwa kuwa asubuhi Nairobi huweza kufunikwa na ukungu. Matangi ya 787-8 yanaingiza lita zaidi ya 126,000, lakini kujaza zaidi si suluhisho rahisi, maana mafuta nayo yanabebwa kwa mafuta: katika safari ndefu namna hii, sehemu kubwa ya tani moja unayoiongeza huungua kwa kazi ya kuibeba tani hiyo yenyewe. Kwa hiyo utabiri ukionyesha mkondo mkali kati ya Azores na Marekani, wapangaji wa Nairobi huongeza mafuta, hutazama joto la njia ya kurukia, hupima uzito wa juu kabisa ambao ndege inaweza kunyanyuka nao usiku huo, na kinachozidi hukitoa. Huanza na mizigo ya biashara iliyo tumboni mwa ndege, ambayo hubaki ghalani hadi safari nyingine. Upepo ukizidi sana, na viti vingine huondoka vikiwa vitupu.